Kle ya Kipimo ya Yaya Masika

Siku tulipomzika Yaya Masika mjini Butembo, mdogo wake Kambale alingoja watu wamalize kunawa mikono na sahani za maharagwe zianze kupita, ndipo akasimulia hadithi yangu. Nilikuwa nimekaa kati ya wanawake, kwenye benchi la kanisa lililoletwa uani, nimevaa kitenge cha msiba kama wenzangu, wala sikutegemea mtu anitaje, maana niliacha kuwa bibi yake, mke wake, zamani sana. Akaninyooshea kidole chenye mafuta ya chakula. "Munamuona ule mama? Alikuwaka bibi yangu wa kwanza. Njo yeye aliharibu kle ya Yaya, ile ya kukazia magurudumu. Yaya akawa mukali mpaka akamufukuza!" Watu wakacheka kile kicheko cha matanga, cha watu waliokaa sana na huzuni na kutafuta pa kuiweka. Walio karibu nami waliniangalia kuona kama nitacheka pamoja nao. Sikucheka. Sikulia pia, si kaburini wala pale uani. Nilikuwa nimetoka Beni asubuhi ile kwa sababu moja: nilitaka kuona kwa macho yangu mwenyewe kwamba mwanamke yule amekufa. Ninaandika hili kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa nimechoka kusikia mwaka wangu ukitoka katika mdomo wa Kambale.

Mwaka huo nilikuwa bibi-arusi. Kambale alikuwa ananunua kakao upande wa Eringeti na kuishusha Beni, na alikuwa na nyumba ndogo ya kupanga hukohuko Beni, mtaani Mulekera, lakini alisema si mahali pa kumweka bibi mpya. Akaniacha Butembo kwa dada yake mkubwa, naye akawa anapanda kutuona mara mojamoja. Nyumba ya Yaya Masika ilikuwa ya matofali, kwenye mteremko, na baridi ya asubuhi iliingia humo kabla ya mtu yeyote kuamka na haikutoka mpaka jua lishike mabati. Salon ilikuwa na viti vizito vyenye napero, vitambaa vyeupe vya kuvifunika, na katika viti hivyo mimi sikukaribishwa hata mara moja. Chumba changu kilikuwa cha nyuma kabisa. Ukuta wake mmoja ulikuwa wa mbao tu, na upande wa pili wa mbao hizo palikuwa depo, ambamo Yaya aliweka marobota ya vitenge alivyovifuata Kampala, makatoni ya sabuni, na vyombo vya gari lake. Nililala nikinusa nguo mpya na mafuta ya injini. Kila neno lililosemwa depo nililisikia kana kwamba limesemwa kitandani kwangu.

Yaya alikuwa mjane na aliendesha gari mwenyewe. Alilitengeneza mwenyewe vilevile, pale uani, amefunga kitenge cha zamani juu ya sketi, na watu waliopita barabarani walisimama kumtazama mpaka awafukuze. Hapo nyuma garaji moja ilimkazia nati za gurudumu kwa kuruka juu ya kle, yaani spana, kwa miguu, boulon inayoshikilia gurudumu ikakatika njiani, na walipoulizwa wakasema ni kosa la barabara. Tangu siku ile hakuna fundi aliyeruhusiwa kugusa gurudumu lake. Akanunua Kampala kle ndefu yenye namba kwenye mpini. Kwa Kifaransa wauza vipuri waliiita clé dynamométrique. Yeye aliiita kle ya kipimo, nasi sote tuliiita hivyo. Ilikaa katika sanduku lake la plastiki, juu ya rafu, mbali na ukuta uliokuwa unatoa maji wakati wa mvua. Aliitoa kwa mikono miwili kama mtu anayemtoa mtoto kwenye beseni.

Nilimtazama mara nyingi akifanya kazi ile, kwa kuwa jiko lilikuwa linaelekea uani. Kwanza alikaza nati kwa mkono, kisha kwa kle ya kawaida, gari likiwa bado limeinuliwa juu ya kriki. Alipolishusha chini ndipo alipoichukua kle ya kipimo, akazungusha mpini mpaka kwenye namba aliyoitaka, akaufunga. Hakuzunguka gurudumu nati kwa nati. Alikaza hii, akaruka kwenye ile inayoielekea, kama anachora nyota. Alivuta polepole, ameshika mwisho wa mpini, mpaka kle yenyewe iseme "kt". Ikisema, aliacha. Hakuvuta mara ya pili kwa kujionyesha. Kazi ikiisha aliufungua mpini, akaurudisha mpaka kwenye namba ya chini kabisa, akapangusa chuma kwa kitambaa, akaifunga sandukuni. Aliwahi kuniambia habari ya springi yake, si kwa kunifundisha, ila kwa kunitisha: "Mule ndani muko ressort. Ukiiacha imefinywa, inachoka. Ikichoka, inasema bongo, inakudanganya. Na hii kle haiko ya kufungulia boulon, haiko nyundo, haiko ya mikono yako." Leo nina gari langu Beni na nina kle yangu, nami naihifadhi hivyohivyo, namba chini, sanduku kavu, haifungulii nati hata iweje. Vijana wa mtaani huniuliza ni nani alinifundisha. Nawajibu kwamba ni adui.

Maana adui alikuwa, tangu wiki ya kwanza. Sikuwahi kujua nilimkosea nini, labda kuolewa na mdogo wake tu. Mezani alijipakulia obundu, ugali wetu, kwanza, akaonja mboga yangu ya majani ya muhogo mbele ya wageni, akauliza, "Hii sombe ilitwangwa na miguu?" Nikipika ndakala, vile vidagaa vikavu, zilikuwa na mchanga. Nikipika lenga-lenga, nilikuwa nawalisha watu majani ya mbuzi. Wageni wakiondoka alihesabu vijiko kwa sauti. Mimi nilikuwa kijana na nilikuwa na ulimi, lakini mama yangu alikuwa amenikanya kwamba ugomvi wa mwaka wa kwanza haufutiki, basi niliuma meno, nikaosha sahani, na kwenda kulia chumbani nikiwa nimejifunika kitenge usoni ili mbao zisimpelekee sauti yangu.

Safari moja Yaya alipokwenda Kampala na kuliacha gari uani, Kambale alikuja kupumzika. Dada yake alikuwa amemkataza gari, lakini yeye alijua funguo zinakaa chini ya napero ya kiti kikubwa, za gari na za depo pamoja. Jumamosi alitembea mjini siku nzima kama tajiri, akarudi na gurudumu limetoboka. Jumapili, majirani wakiwa kanisani, akaanza kulibadilisha uani. Nati moja ilimkatalia. Kle ya msalaba ilikuwa fupi kwake, akaenda depo akatoka na ile ndefu. Nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni mwa jiko. Nilimuona akizungusha mpini juu kabisa, akaitia kwenye nati, akapanda juu yake kwa mguu mmoja, kisha kwa miguu yote miwili, akaruka.

"Kambale! Ile hapana ya kufungulia! Yaya alisema."

"Yaya, Yaya. Mais ni chuma tu."

"Basi irudishe namba chini mbele ya kuifunga."

"Weye chambua maharagwe."

Nati ilifunguka kwa kishindo. Alimaliza, akaitupia kle sandukuni ilivyokuwa, akafunga depo, na kesho yake akateremka Beni na funguo mfukoni kwa kusahau, au labda si kwa kusahau. Mimi nilibaki na ukuta wa mbao. Nilijua kile kitu kiko upande wa pili, kimefinywa, kinachoka, nami sikuwa na njia ya kukifikia.

Yaya Masika alirudi baada ya majuma mengi, amechelewa mpakani, ana hasira na dunia. Kambale alipanda siku hiyohiyo kumpokea na akazirudisha funguo kimyakimya mahali pake. Nilimngojea aseme. Tulikula samaki wa kukaanga waliotoka ziwani, akamsifu dada yake, akacheka, hakusema. Basi nilipompelekea Yaya chai nikamwambia kwa upole, bila kumtaja mtu: "Yaya, mbele ya kutumia ile kle ya kipimo, uangalie kwanza namba yake. Naona haikurudishwa chini." Aliweka kikombe. Akaenda depo, nikasikia sanduku linafunguka. Aliporudi alisimama karibu nami mpaka nikanusa vumbi la safari kwenye nguo zake.

"Juu ya nini ulishika kintu yangu?"

"Hapana miye, Yaya."

"Kama hapana weye, ulijua namna gani namba iko juu?"

Nilimtazama Kambale. Alikuwa anatoa mwiba wa samaki kwenye meno. Nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limekaa mbele yetu sote na sahani yake. Lakini nilifikiri: ni bwana yangu, atajisemea mwenyewe, kwa nini nimuaibishe? Nikaenda chumbani kumpa nafasi. Mchana ule wakaingia depo wote wawili kupanga marobota, nami nilikuwa kitandani, na mbao zikafanya kazi yake. Yaya alikuwa anapumua kwa hasira. Kisha ikaja sauti ya Kambale, laini, sauti aliyoitumia kwa wakulima wa kakao akitaka wakubali: "Yaya, ule ni mutoto tu. Alikuwa anatafuta sabuni, akaanza kuichezea. Usimukasirikie. Nitamuongelesha." Robota lilianguka sakafuni. Yaya akasema, "Ulituletea shida katika hii nyumba." Yeye akajibu, "Najua, Yaya."

Aliingia chumbani kwangu akiwa anatabasamu, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Umuombe pardon, itaisha."

"Pardon ya nini? Nilisikia yote ulisema."

Hakuona haya. Nimekaa na sura ile maisha yangu yote, na kila mara nashangaa kwamba haikubadilika hata kidogo. "Weye uko mugeni," akasema, "weye atakusamehe mbiyo. Miye hatanisamehe."

Sikuomba msamaha. Hapo ndipo vita ilipoanza kweli. Yaya alinunua kufuli jipya la depo na akauning'iniza ufunguo wake shingoni. Chakula changu sikukipeleka tena mezani, nilikula jikoni juu ya kigoda, nikimsikia akiwaambia wanawake wa chama chake salonini, "Nakaa na muharibifu." Walipotoka walinisalimia kwa ncha za vidole. Kanisani alibadilisha benchi. Nami, nisijisifu kwa upole nisiokuwa nao, nilimchukia kwa kipimo kilekile. Nilimpikia chai isiyo na tangawizi kwa sababu tangawizi aliipenda. Nilifurahi alipopata mafua.

Ikafika siku alipoamua kunirudisha. Aliniambia asubuhi, akiwa na mswaki mdomoni: "Kesho nakupeleka Beni kwa bwana yako. Miye nimechoka kukuangalia." Siku hiyo akabadilisha plakete, zile pedi za breki za mbele, kwa sababu ya mteremko wa Kabasha ulio njiani, na akarudisha magurudumu. Nilikuwa nafunga nguo zangu mlangoni. Nilimuona akiweka namba yake ileile ya siku zote, akavuta, na kle ikasema "kt" haraka mno, kabla mkono wake haujanyooka. Hata mimi nilijua kwamba nati haijakaza. Nikamwambia, "Yaya, imelia mbiyo. Ile kintu haiko muzuri tena. Ukaze na kle ya musalaba." Hakugeuka. "Kama ingeharibika, weye njo ungekuwa umeiharibu," akasema. "Nyamaza, ukafunge bitu byako." Akaendelea, nyota yake nzima, kt, kt, kt. Akairudisha namba chini, akaipangusa kwa kitambaa, kama vile adabu ingeweza kuiponya.

Tuliondoka wawili tu, na marobota nyuma. Hatukusema neno mpaka Kabasha. Pale barabara inapoanza kujikunja na kushuka, usukani ukaanza kumtetemekea mikononi, na chini yangu nikasikia kitu kinagonga, ko, ko, ko, kisha kogokogo bila kupumzika. Mbele yetu palikuwa kona, na baada ya kona hapakuwa na kitu, ila miti ya bondeni tunayoiona kwa juu. Lori la mbao lilikuwa linapanda upande wetu likipiga honi. Yaya hakukanyaga breki kwa nguvu. Alishusha gia, akaligandamiza gari kwenye ukingo wa mlima, udongo ukakwangua mlango wangu, na tukasimama huku lori likipita karibu kiasi cha kunusa resini ya mbao. Mwendesha pikipiki mmoja aliyekuwa nyuma yake alipunguza mwendo, akapiga kelele, "Bamama, gurudumu inatoka!" akaenda zake.

Yaya alishuka akapiga magoti barabarani. Nati moja haikuwapo. Nyingine alizizungusha kwa vidole vyake vitupu. Alitoa kle ya msalaba, akazikaza kwa uzito wa mwili wake wote, akiguna, akiugua. Alipoinuka alikuwa na udongo kwenye shavu.

"Ulitaka kuniua."

"Nilikuambia mara mbili," nikamjibu, na sasa sikuwa na la kuogopa, maana nilikuwa nimeshaiona ile kona. "Mara mbili, Yaya! Ni ndugu yako aliifungulia boulon. Alipanda juu yake na miguu, Jumapili, weye ukiwa Kampala. Niliona. Na akakuambia ni miye, mule depo, niliwasikia. 'Alikuwa anatafuta sabuni.' Hapana njo alisema vile?"

Yaya akapangusa mikono yake, akasema, "Panda."

Kambale alitupokea Mulekera kwa furaha. Salon yake ilikuwa imejaa kakao iliyotandazwa kwenye bâche, turubai la plastiki, na harufu yake chungu ilishika hadi kwenye chakula. Alituwekea makemba, ndizi za kupika, na maharagwe. Tulipokaa, dada yake akamuuliza mbele yangu, bila kupaza sauti: "Kambale, ile kle yangu. Ni nani aliiharibu?" Naye, huku anamega, hata hakuchelewa: "Mais Yaya, tulishaongea. Ni huyu." Nilimngojea mwanamke yule mkali, aliyewahi kumfukuza fundi mzima uani kwake kwa neno moja, amuinukie. Akachovya kemba kwenye maharagwe, akatafuna. Baadaye, nikimmiminia maji ya kunawa nyuma ya nyumba, aliniambia kwa sauti ya chini huku akisugua udongo wa Kabasha kwenye kucha: "Najua ni yeye. Tangu akiwa mutoto anasema bongo vile. Mais ndugu ni ndugu. Bibi, iko mwingine."

Nimeyapima maneno hayo miaka mingi. Kuna siku nimetaka kuyapa maana nzuri, kwamba alinionya, kwamba ilikuwa njia yake ya kusema samahani. Hapana. Alisema alichokisema, akachukua taulo, akajipangusa, akaondoka bila kuniaga.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule niliishi Mulekera katikati ya kakao. Kambale alikuwa amegundua kwamba uongo wake una ladha, akawa anawasimulia rafiki zake, kila mara akiongeza kitu: mara nilikuwa nimevunjia kuni, mara niligongea msumari wa picha. Nilipomkatalia mbele yao alisema mimi ni mwanamke asiyenyenyekea, na mwishowe akapeleka shauri kanisani. Pasta akaja kutusikiliza nyumbani, mtu mpole, mwenye Biblia iliyofungwa kwa kamba. Yaya Masika akaitwa kutoka Butembo kwa kuwa ndiye mkubwa. Tukakaa salonini. Kambale akazieleza kasoro zangu zote, na kle ilikuwa ya kwanza. Mimi nikasema: "Pasta, mengine muhukumu namna munaona. Mais ile ya kle, Yaya anajua kweli. Mumuulize yeye."

Pasta akamgeukia. "Mama Masika, uko mukristo. Ni nani aliharibu ile kintu?"

Kuku alikuwa anaparua bâche ya kakao mlangoni. Yaya Masika aliniangalia usoni, si pembeni, si chini. Macho yake hayakuwa hata na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza kupita matusi yote. Akasema:

"Ni bibi."

Kambale akapumua. Pasta akainamisha kichwa, akaanza kutafuta andiko la msamaha, akilowesha kidole kwa ulimi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nikashangaa kwamba silii. Mwaka mzima nilikuwa nimengoja mtu mmoja katika nyumba zile mbili aseme neno moja la kweli kwa sauti, na nilikuwa nimeosha, nimepika, nimenyamaza na nimepigana kwa ajili ya neno hilo, na sasa nilijua kwamba halitakuja, na kwamba si kwa sababu hawalijui. Nikaingia chumbani, nikachukua begi langu, na sufuria mbili nilizopewa na mama yangu. Nilipopita tena salonini Pasta alikuwa amepata ukurasa wake.

"Mama, unaenda wapi?" akaniuliza. "Bado hatujaomba."

"Muombe tu, Pasta," nikamwambia. "Miye nilisha maliza."